Seli inapokosea kugawanyika: maswali tunayoulizwa sana kuhusu dawa zinazoiwinda saratani kwenye kosa lake

Kazi yangu ni kukata vipande vyembamba vya nyama ya binadamu, kuvitia rangi na kuvipanga kwenye vioo vya hadubini. Niko kwenye maabara ya patholojia hapa Dar es Salaam, na watu wakishajua ninakofanya kazi, maswali hunifuata mpaka kwenye foleni ya mwendokasi. Mengi ni yale yale, hasa tangu zianze kuzunguka WhatsApp video za "dawa inayoua kansa peke yake bila kugusa seli nzima", yaani zile zenye afya. Nimeyakusanya hapa. Mengine yana majibu marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine yanaisha kwa sentensi mbili. Dozi sitataja, hiyo ni ya daktari wako.

Seli inagawanyikaje, kwa lugha ya nyumbani?

Mwili wa mtu mzima hubadilisha takriban seli bilioni 330 kila siku: za damu, za utumbo, za ngozi. Kwa hiyo kugawanyika si ugonjwa. Ni kazi ya kila siku.

Kabla haijagawanyika, seli hunakili kromosomu zake zote 46, ili kila moja iwe na pacha wake. Fikiria doti ya khanga iliyotoka dukani Kariakoo: vipande viwili, pindo lile lile, jina lile lile, bado havijakatwa. Sasa fikiria doti 46 zimepangwa mstari katikati ya chumba. Kila upande wa chumba kuna kituo kidogo kinachoitwa sentrosomu, na kutoka kwenye vituo hivyo viwili zinatambaa nyuzi nyembamba za protini. Uzi wa kulia unashika kipande kimoja, wa kushoto unashika pacha wake, kisha nyuzi zinavuta. Khanga inakatwa, na kila seli mpya inaondoka na vipande 46 kamili. Hatua hiyo ya kupanga na kuvuta huchukua kama saa moja tu, katika mzunguko ambao kwa seli nyingi tunazofuga maabara huchukua kama siku nzima.

Katikati ya kazi hiyo yupo mlinzi, ambaye ni kundi la protini. Mfananishe na yule anayesimamia mlango wa kivuko cha Kigamboni: gari moja likiwa bado na tairi nje, chombo hakiondoki. Kromosomu moja tu ikiwa haijashikwa pande zote mbili, mlinzi husimamisha uvutaji wote mpaka mambo yakae sawa. Leland Hartwell, Tim Hunt na Paul Nurse walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kuonyesha jinsi seli inavyoongoza mzunguko huu.

Sasa seli ya saratani inakosea wapi?

Karibu kila mahali, ila si zote kwa namna moja. Nyingine zina sentrosomu tatu au nne badala ya mbili. Nyingine mlinzi wao amelegea. Nyingine ziliwahi kunakili seti nzima ya kromosomu halafu zikashindwa kugawanyika, zikabaki na mzigo mara mbili. Takriban theluthi moja ya saratani zina historia hiyo. Matokeo yake ni kwamba takriban asilimia 90 ya saratani za uvimbe zina idadi ya kromosomu isiyo sahihi. Zile seli za Henrietta Lacks, zilizochukuliwa kwenye saratani yake ya mlango wa kizazi mwaka 1951 na ambazo maabara za dunia nzima bado zinazikuza, zina kromosomu kati ya 70 na 90 hivi.

Wazo hili si la jana. Miaka michache baada ya Wajerumani kujenga ile hospitali ya ufukweni ambayo leo ni Taasisi ya Saratani Ocean Road, Mjerumani mwingine, Theodor Boveri, alikuwa akichunguza mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba, anayekuchoma ukikanyaga vibaya kule Mbudya. Aliona kwamba yai likirutubishwa na mbegu mbili kwa pamoja, hupata ncha nyingi za kuvutia, kromosomu zinagawanywa ovyo, na viinitete vingi vinaharibika. Hiyo ilikuwa mwaka 1902. Mwaka 1914 akaandika kwamba huenda saratani nayo huanzia kwenye seli moja iliyogawana kromosomu vibaya. Hakuwa na vifaa vya kuthibitisha, na alifariki mwaka uliofuata.

Kama inakosea hivyo, kwa nini haifi yenyewe?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na ningependa watu waliulize zaidi kuliko wanavyouliza jina la dawa.

Nyingi hufa kweli. Nikikaa kwenye hadubini naziona: seli imejaribu kuvuta pande tatu, kromosomu zimesambaa kama herufi Y. Seli zinazotoka kwenye mgawanyo wa namna hiyo mara nyingi hazina maisha. Ukicheza kuvuta kamba kwa timu tatu, kamba haiendi popote, na mwisho watu wanaanguka.

Kwa hiyo seli ya saratani inayodumu ni ile iliyopata ujanja. Ikiwa na sentrosomu nne, huzikusanya mbili huku na mbili kule, zikafanya kazi kama timu mbili za kawaida. Uvutaji unaenda, seli inagawanyika, kosa limefichwa. Protini moja inayosaidia kuzikusanya huitwa KIFC1. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ukiizima protini hiyo, seli zenye sentrosomu za ziada zinarudi kuvuta pande nyingi na kufa, wakati zenye sentrosomu mbili zinaendelea vizuri, maana hazikuwa na kitu cha kukusanya.

Tazama mantiki yake. Seli nzima haina mguu mbovu, kwa hiyo haina mkongojo. Seli ya saratani inatembea kwa mkongojo. Ukiupiga teke mkongojo, anayeanguka ni mmoja tu. Hiyo ndiyo maana ya "kuchagua" wanasayansi wanapozungumzia kuua seli za saratani kwa kuchagua. Dawa haina macho ya kuona kansa iko wapi. Huingia kwenye seli zote, ila seli za aina moja tu ndizo zinazokihitaji kile ilichokiondoa.

Mikongojo mingine iliyokwisha kugunduliwa ni ipi?

Kuna KIF18A. Protini hii hutuliza ncha za nyuzi ili kromosomu zikae kwenye mstari. Seli yenye kromosomu 46 inaweza kuishi bila hiyo. Panya waliozaliwa bila KIF18A waliishi, ingawa uzazi wao uliathirika. Lakini seli yenye kromosomu nyingi kupita kiasi huhangaika sana isipokuwepo. Mwaka 2021 makundi tofauti ya watafiti yalichapisha jambo hilo karibu kwa wakati mmoja, na ukiona watu wasiofanya kazi pamoja wanafika mahali pamoja, inafaa kusikiliza. Dawa za kuizuia zimeshaingia kwenye majaribio kwa binadamu huko nje.

Halafu kuna habari ya PLK4 na TRIM37, ambayo mimi naipenda kwa sababu inafanana na ngalawa. Ngalawa ina mbao mbili za ubavuni. Ikivunjika moja, nahodha mzoefu ataegemea upande wa pili na kurudi Kunduchi salama. Zikivunjika zote, chombo kinapinduka. PLK4 ndiyo inayojenga sentrosomu. Ukiizuia, seli ya kawaida inapoteza sentrosomu lakini ina njia ya akiba ya kupanga nyuzi zake. Baadhi ya saratani za titi zimejaa protini ya TRIM37 kupita kiasi, na TRIM37 huiharibu ile njia ya akiba. Ubao mmoja umeshavunjika, na dawa inakuja kuvunja wa pili. Tafiti zilizoonyesha hilo zilitoka mwaka 2020.

Mbinu hii ya ngalawa imeshathibitika kwa wagonjwa, ingawa si kwenye nyuzi bali kwenye ukarabati wa vinasaba: olaparibu, iliyoruhusiwa Ulaya na Marekani mwaka 2014, inatumika kwa saratani ya ovari na baadaye ya titi kwa wenye hitilafu kwenye jeni za BRCA. Ndiyo maana watu wanaona hata hii ya mgawanyiko ina matumaini.

Wengine wanajaribu kumzima kabisa yule mlinzi, ili seli iliyolegea ilazimishwe kuondoka na milango wazi mpaka ijizamishe yenyewe kwa makosa.

Haya yote ni ya mbele huko. Mama yangu anaanza dripu wiki ijayo. Yanamhusu?

Yanamhusu sana, kwa sababu dawa kadhaa za zamani zinafanya kazi pale pale.

Paklitakseli inayotumika kwa saratani ya titi na ya ovari ilitoka kwenye gamba la mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani. Monroe Wall na Mansukh Wani waliuchapisha muundo wake mwaka 1971. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake wakaonyesha inavyofanya kazi: hukaza zile nyuzi zisiweze kujifungua na kujipanga upya. Ni kama kamba iliyogandishwa, huwezi kuivuta wala kuifungua. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1992 kwa saratani ya ovari.

Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba paklitakseli huua kwa kuisimamisha seli katikati ya mgawanyiko mpaka ichoke. Utafiti wa mwaka 2014 kwa wagonjwa wa saratani ya titi ulileta picha nyingine: kwa kiwango kinachofika ndani ya uvimbe wa mtu, seli nyingi hazisimami, zinaendelea kugawanyika lakini kwa pande tatu au nne, na watoto wao wanakosa kromosomu za kutosha kuishi. Yaani dawa ya zamani ilikuwa inafanya hicho hicho ambacho leo kinaitwa mbinu mpya, sisi hatukujua.

Vinkristini na vinblastini ndizo zenye habari ya karibu na nyumbani. Zinatoka kwenye lile ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi, linaloota hata kwenye mchanga mkavu. Ukitembea mitaa ya Temeke au Kinondoni utaliona kwenye makopo ya rangi barazani. Asili yake ni Madagaska. Sehemu nyingi za dunia watu walichemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada alitumiwa majani hayo kutoka Jamaika, akampa ndugu yake, mtafiti Robert Noble, ayachunguze. Sukari ya panya haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu, na hapo ndipo Noble na Charles Beer walipofuata njia iliyowafikisha kwenye vinblastini. Hizi hufanya kinyume cha paklitakseli: huzuia nyuzi zisijengeke kabisa.

Watoto wenye limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt aliuelezea mwaka 1958 akiwa Uganda na ambao tunao sana Afrika Mashariki, hutibiwa kwa mchanganyiko wenye vinkristini. Ni saratani inayogawanyika kwa kasi ya kutisha. Kwa sababu hiyo hiyo huyeyuka haraka dawa ikiingia.

Basi nichemshe hayo maua?

Hapana. Huhitaji hata kufikiria. Inahitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya vinblastini, kwa hiyo kikombe chako kitakuwa na kiwango kisichojulikana cha dawa pamoja na sumu nyingine za mmea. Dawa yenyewe iliyosafishwa hospitalini hutolewa kwa mshipa tu, kwa uangalifu ambao wauguzi wa kemo wanaujua vizuri. Maua yabaki barazani, yanapendeza.

Kwa nini nywele zinadondoka kama dawa inachagua?

Kwa sababu dawa za zamani zinachagua kwa kasi, hazichagui kwa kosa. Chochote kinachogawanyika haraka kinapata kipigo: mizizi ya nywele, utando wa mdomo na utumbo, uboho unaotengeneza damu. Nywele zitaota tena. La kuogopa ni damu. Chembe nyeupe zikishuka, homa ya nyuzi 38 au zaidi si ya kunywea panadoli na kusubiri asubuhi, ni ya kwenda hospitali usiku huo huo na kusema ukifika mlangoni, "Niko kwenye kemo."

Na ganzi ya vidole? Shangazi anadondosha hata kikombe.

Neva hazigawanyiki, kwa hiyo watu hushangaa. Lakini zile nyuzi za protini hazina kazi moja. Ndani ya neva ndefu, kama inayotoka mgongoni mpaka kidole gumba cha mguu, nyuzi hizo ndizo reli zinazosafirisha vyakula na vifaa. Paklitakseli na vinkristini zinazigusa na huko. Mizigo inakwama, na ncha za mbali zinaumia kwanza, yaani vidole. Shangazi amwambie daktari mapema, asione aibu kwamba "ni ganzi tu". Dozi inaweza kurekebishwa, na ganzi ikiachwa ikolee huchukua muda mrefu kupungua, wakati mwingine haiondoki yote.

Ganzi hii ndiyo moja ya sababu watafiti walitaka kulenga protini zinazofanya kazi wakati wa mgawanyiko peke yake na kuziacha nyuzi zenyewe.

Kama wazo ni zuri hivyo, mbona dawa hizo hazijajaa hospitalini?

Kwa sababu zilijaribiwa na nyingi zikawavunja watu moyo. Tangu miaka ya 2000 zilitengenezwa dawa za kuzuia protini za mgawanyiko moja moja. Kwenye vyombo vya maabara ziliua saratani vizuri mno. Kwa wagonjwa wenye uvimbe, nyingi hazikuishinda paklitakseli. Ganzi ilipungua kweli, lakini chembe nyeupe za damu zilishuka vibaya.

Maelezo yanayokubalika na wengi ni haya: seli kwenye chombo cha maabara hugawanyika karibu kila siku, lakini uvimbe ndani ya mtu hukua taratibu zaidi. Ukikagua kipande chake siku yoyote, ni seli chache tu zilizo katikati ya kugawanyika; mimi nazihesabu kwa macho, najua. Dawa inayokaa mwilini saa chache huzikuta chache hizo na kuzikosa nyingine. Uboho, ambao haulali, huukuta wote kazini.

Ndiyo maana nawaambia watu wasichanganye mambo mawili. Kuwinda seli *zinazogawanyika* ni mbinu ya zamani yenye mipaka yake. Kuwinda seli *zinazogawanyika vibaya* ndiyo mpya. Video nyingi za WhatsApp hazitofautishi.

Kuna zilizofaulu kwa njia ya kati. Palbosiklibu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya titi inayotegemea homoni, huifungia seli geti kabla haijaanza kunakili vinasaba. Inazuia zaidi kuliko inavyoua, ndiyo maana hutolewa pamoja na dawa za homoni.

Kuna mtu kasema dawa ya mashilingi na dawa ya minyoo zinaua kansa. Ni uongo?

Si uongo mtupu, na hapo ndipo hatari ilipo.

Griseofulvini, ile ya fangasi wa kichwa anayopewa mtoto mwenye mashilingi, hugusa nyuzi za mgawanyiko za fangasi. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walipoimwagia seli za saratani kwenye chombo, waliona zikishindwa kukusanya sentrosomu zao za ziada. Ule mkongojo niliousema. Mebendazoli ya minyoo nayo hushika protini inayojenga nyuzi, na imeua seli za saratani maabara na kupunguza uvimbe kwa panya.

Lakini chombo cha maabara si mtu. Unaweza kumwagia seli kiwango ambacho mtu hawezi kukifikisha kwenye damu yake kwa kumeza. Mebendazoli hasa hubaki kwa sehemu kubwa tumboni, na ndiyo sababu inafaa kwa minyoo. Hakuna jaribio lililothibitisha kwamba yoyote kati ya hizo mbili inaponya saratani kwa binadamu. Nimeona majibu ya mgonjwa aliyeacha kemo miezi minne akimeza dawa ya minyoo aliyonunua duka la dawa mtaani. Kinyama cha kwanza na cha pili nilivikata mimi. Sitaeleza zaidi.

Kama unameza chochote pembeni, iwe mlonge, iwe vidonge, mwambie daktari jina lake. Griseofulvini, kwa mfano, hubadilisha kasi ya ini kuvunja dawa nyingine.

Mionzi inaingia wapi kwenye habari hii?

Mionzi hukata vinasaba. Seli nyingi hazifi papo hapo. Hufa pale zinapojaribu kugawanyika na vinasaba vilivyokatika. Seli nzima hupata nafasi ya kusimama na kukarabati kati ya kipigo na kipigo, na nyingi za saratani zimepoteza breki hiyo. Ndiyo sababu mgonjwa wa mlango wa kizazi huambiwa aende siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi, badala ya kumalizwa siku moja. Kuruka siku kwa sababu nauli imekata kunampa uvimbe muda ule ule wa kupumua tulioukusudia kwa mwili. Kama nauli ni tatizo, ongea na ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini siku ya kwanza, usingoje uishiwe.

Kirusi cha HPV kinahusiana vipi na kugawanyika kwa seli?

Moja kwa moja. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na karibu zote zinatokana na HPV. Kirusi hicho kina protini mbili za fujo. E6 humwondoa p53, ambaye kazi yake ni kuisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika. E7 hufungua geti la kunakili, na pia huifanya seli itengeneze sentrosomu kupita kiasi. Yale yote niliyoyaeleza juu, kirusi kinayaanzisha kwa makusudi yake ya kuzaliana.

Chanjo huzuia kisiingie. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kina mama wanaouliza kama chanjo inaharibu uzazi: haiharibu. Inayoharibu uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake. Na kipimo cha siki kwenye mlango wa kizazi ni dakika chache, kipo mpaka kwenye vituo vya afya.

Kwa nini saratani inarudi baada ya dawa kufanya kazi?

Kwa sababu kukosea kwake ni mtaji pia. Kila mgawanyo mbaya huzaa seli zenye mchanganyiko tofauti wa kromosomu, na kati ya mamilioni, moja inaweza kuwa na pampu nyingi za kuitapika paklitakseli, au namna ya kuteleza nje ya mgawanyiko bila kufa. Dawa inaua ndugu zake, yeye anabaki na nafasi. Hivyo madaktari huchanganya dawa. Hivyo pia watafiti wanatafuta mkongojo ambao seli haiwezi kuutupa bila kuanguka.

Naweza kuingia kwenye majaribio ya dawa hizi nikiwa Dar?

Muulize daktari wako wa saratani, si mtu wa mtandaoni. Jaribio la dawa nchini lazima liwe na kibali cha maadili, ambacho hutolewa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Utapewa maelezo ya maandishi kwa lugha unayoielewa, utaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Anayekuomba pesa ili akuingize kwenye "utafiti wa dawa mpya", ondoka.

Majibu yameandika "gredi 3". Ndiyo hatua ya tatu?

Siyo, na kosa hili limewaliza watu bure kwenye mabenchi yetu. Hatua inasema saratani imefika wapi mwilini. Gredi inasema seli zinaonekanaje kwenye kioo. Kwa titi tunatoa alama moja hadi tatu kwa mambo matatu: jinsi seli zinavyojipanga kuunda mirija, jinsi viini vilivyotofautiana, na idadi ya seli zilizo katikati ya kugawanyika. Jumla ya 3 hadi 5 ni gredi 1, 6 au 7 ni gredi 2, 8 au 9 ni gredi 3. Mtu anaweza kuwa na gredi 3 katika hatua ya kwanza kabisa.

Hiyo alama ya kugawanyika inategemea jambo ambalo mgonjwa anaweza kulisimamia. Kinyama kikikaa muda mrefu bila kuingizwa kwenye fomalini, seli huharibika na migawanyiko haihesabiki vizuri, hivyo saratani kali inaweza kusomeka kama ya upole. Niliwahi kupokea titi zima kwenye mfuko wa rambo, limekuja na basi kutoka mkoani, fomalini kidogo chini kama mchuzi. Hatukuweza kuhesabu kitu.

Kwa hiyo ndugu anayekabidhiwa chombo aangalie: kinyama kimezama chote, maji ya dawa ni mengi, kama mara kumi ya ukubwa wake, kifuniko kimebana, jina limeandikwa kwenye chombo chenyewe na si kwenye kifuniko tu. Usiweke kwenye friza wala usiongeze maji ya bomba. Lete siku hiyo hiyo au kesho yake. Majibu yakitoka, yapige picha kwa simu kwanza, kisha peleka karatasi yenyewe kliniki.